Biskuti Moja Tu

"Nani anamlisha mbwa wangu? Ajitokeze!"

Mzee Douwe alikuwa katikati ya mtaa, slipa miguuni, mtoto wake wa mbwa Bouke kambana kwapani kama gunia la viazi.

"Usinitolee macho," nikamwambia. "Mimi nampa biskuti moja tu, nikinywa kahawa ya saa nne."

"Na mimi moja tu!" akadakia jirani yangu Tryntsje dirishani.

Hapa kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, kopo la biskuti hufunguliwa, unachukua moja, linafungwa. Ukichukua mbili utasemwa mpaka siku ya mazishi yako. Kwa hiyo kila nyumba ilijiona safi, na Bouke alizipitia nyumba zote.

Douwe alilinda daraja la mfereji, lile la kuinuliwa mashua zipite, maisha yake yote ya kazi. Nahodha angelia machozi, kama ni saa ya chakula daraja halifunguki. Hata mimi, siku ya kuzaliwa kwa marehemu mkewe, alinifungia kopo mkono wangu ukiwa bado njiani. Nimemdai biskuti ile kila mwaka. Lakini kwa huyu mbwa aliyeletewa na binti yake Aukje, mzee amelainika kama siagi juani.

Akamwinua Bouke tuone tumbo. "Daktari wa mifugo kampapasa, kaniuliza mbavu ziko wapi. Eti mifupa bado michanga, uzito utamharibia nyonga. Na Aukje kasema akija Pasaka akimkuta hivi, anaondoka naye."

Hapo hata Tryntsje akarudisha koponi biskuti aliyokuwa ameshika.

Basi Douwe akaanza kupima chakula kikavu cha Bouke kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni. Kingi kilikwenda bakulini, milo mitatu. Kidogo alikitoa humo humo kwenye kipimo, akatugawia nyumba hadi nyumba.

"Akija, mpeni punje moja ya hiki. Biskuti marufuku!"

"Ndiyo, bwana daraja," nikamjibu.

Na punje tukaziweka wapi? Kwenye kopo la biskuti, wapi tena. Mchungaji alipomtembelea Tryntsje akachukua moja bila kutazama, akatafuna, akatafuna tena.

"Umeoka mwenyewe, mama?"

"Za dukani, mchungaji."

"Zina... nguvu," akasema, akameza kwa imani. Tryntsje akafunga kopo haraka. Sheria yetu haijawahi kumwokoa mtu kama siku ile.

Pasaka Aukje akafika. Hakuvua hata koti. Akapiga magoti, akapitisha vidole ubavuni mwa Bouke. Douwe alishika ukingo wa meza.

"Mbavu hizi hapa! Na kiuno kipo!" Kisha akamtazama baba yake. "Wewe je, baba, kiuno chako kiko wapi?"

"Mimi sirukii viti kama yeye, nyonga zangu salama," akasema mzee, akageuka kupenga kamasi kwa muda mrefu.

Bouke akabaki. Kahawa ikamiminwa, kopo likafunguliwa, nikachukua biskuti yangu moja, nikangoja mfuniko ushuke. Haukushuka.

"Chukua na ile ya siku ile," Douwe akasema, akitazama pembeni. "Nimechoka kudaiwa."

Nikaichukua. Ila niliinusa kwanza.