Nani Alimbeba Mtoto?

Bado naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, nimeketi jikoni kwa shangazi yangu kule Rugerero, karibu na Gisenyi, daftari magotini, yeye anamenya viazi. Familia yetu ilikuwa imerudi karibuni kutoka Tanzania, nina miaka kumi na tisa, kichwa kimejaa mambo ambayo hayajatokea bado. Nilikuwa nimeandika hadithi ya kisayansi. Usicheke! Mimi huyuhuyu mwenye mvi.

Hadithi ilikuwa ya binti aitwaye Uwera. Miaka mingi ijayo, anashuka hadi chini kabisa ya Ziwa Kivu ndani ya mtambo wa vioo, atafute mazuku yanatoka wapi. Mazuku unayajua: ile hewa mbaya isiyo na harufu, hulala mabondeni ikaua mbuzi na watoto, na mtu mzima aliyesimama hana habari. Anaporudi juu anakuta hewa hiyo imeujaza mji. Wakubwa wamefunga vipimo vyao usawa wa vichwa vyao, navyo vinasema hewa ni safi. Uwera anapiga magoti, anapima usawa wa mbuzi, anapiga yowe. Kisha anamfunga mtoto wa jirani mgongoni kwa ingobyi, mbeleko yetu ya jadi, na kupanda naye mlimani.

Hilo la kumwinua mtoto mgongoni alinifundisha shangazi. Alikuwa ameishi Goma miaka mingi, hakujua kusoma, lakini maswali yake, jamani!

"Bon, kule chini ya maji banapikia nini? Na giza iko? Na Uwera haogopi?"

Nikijibu moja, anauliza lingine. Viazi vilisubiri.

Basi ikatangazwa mjini kwamba kitachapwa kijitabu cha hadithi za vijana. Nikaogopa, mwanangu. Hakuna aliyenikataza, nilijikataza mwenyewe. Nani atasadiki msichana anaendesha mtambo? Nikamfuta Uwera, nikaandika Kapteni Kamana. Halafu nikaona kapteni na ingobyi havipatani, watu watanicheka, nikafuta na ingobyi. Nikapeleka, roho kwatu.

Kijitabu kilipotoka nilichukua pikipiki mbio hadi Rugerero, nikamsomea shangazi mwanzo hadi mwisho. Safari hii hakuuliza kitu. Nilipomaliza akaweka kisu chini.

"Ule binti yetu iko wapi?"

"Nimeweka mwanamume, shangazi. Hadithi ni ileile."

"Ileile? Na mutoto? Nani alimubeba?"

Nikapekua kurasa. Mwanangu, hakuna aliyembeba. Nilipomfuta Uwera nilimwacha yule mtoto chini bondeni, ndani ya mazuku, wala sikuona.

"Yewe," akasema polepole, "mi nilizani ni mimi niliingia mule mu mashini. Kumbe umenitoa inje."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akachukua kisu, akaendelea na viazi vyake. Mimi nililia pale pale. Maji yakimwagika hayazoleki, na kijitabu kilikuwa kimeshasambaa hadi Bugeshi kule mbali.

Baadaye niliiandika upya. Uwera yumo, ingobyi imo, mtoto anafika mlimani. Lakini shangazi alikuwa ameshatutoka. Majuto ni mjukuu, wahenga hawakukosea.

Sasa wewe umeniletea daftari lako, unaniuliza kama shujaa wako wa kwenda kwenye nyota anaweza kuwa msichana wa Gisenyi. Unaniuliza mimi? Mwache msichana aende! Usimfute kwa kuogopa kicheko cha watu ambao hata hawajasoma. Ukimwondoa yeye, huondoi jina tu, unaondoa na yale aliyoyajua, na kuna mtu atabaki chini bila wa kumwinua. Tena msomee mama yako kwanza, akuulize maswali. Mwacha asili ni mtumwa, hata akiwa mwezini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe udadisi wa shangazi yangu, na kila mtoto utakayemwandika apate mgongo wa kumbeba.