Viazi Ndani ya Gambuti

Watu wa Nakuru mjini hudhani wanaijua baridi. Mimi pia nilidhani hivyo. Nimekulia Kaptembwo, mahali ambapo nyumba zimebanana mpaka ukipiga chafya jirani anakuambia pole bila kuamka kitandani, na joto la watu halikosekani. Julai ikifika nilivaa sweta, nikalalamika kidogo, nikaamini nimeteseka. Halafu nikapenda msichana wa Molo.

Molo, jamani! Asubuhi ya kwanza niliyofika kule nilimwona jogoo akipanda ua, akafungua mdomo awike, akafikiria tena, akaufunga. Umande ulikuwa mweupe kama chumvi. Nilitema mate, nikasikia yakianguka chini ko! kama kokoto.

Nilikuwa nimeenda kuonana na babake msichana. Haikuwa posa; wazee wetu walikuwa hawajapanda huko bado. Lakini msichana alikuwa ameshanionya: baba yake akisema ndiyo, ni ndiyo, na akisema la, hata ulete mbuzi lori nzima, mbuzi watarudi na wewe. Kwa hivyo nilijipanga. Nilibeba bahasha yenye cheti changu cha kidato cha nne, nilichokipata kwa masomo ya jioni baada ya kubeba magunia sokoni mchana kutwa. Nilijua nikiishiwa maneno, cheti kitaongea.

Mzee hakuiangalia hiyo bahasha hata kwa jicho moja. Alikuwa na shida moja tu duniani, na ilikuwa na meno. Fuko alikuwa ameingia shamba la viazi.

"Anavuta kiazi kutoka huko chini," akaniambia, "shina linabaki limesimama hivi, kama askari aliyelala kazini. Ukilishika, linatoka bure. Kijana, umewahi kuwinda?"

"Sana, mzee," nikasema. Na kweli nilikuwa nimewahi kumwinda panya kwa kiatu.

"Basi uje kesho kabla jua halijatoka. Fuko akishalala chali, ndio tutaongea hayo maneno yaliyokuleta."

Nikaenda kulala Elburgon kwa rafiki yangu, na huko nikaazima gambuti, zile buti ndefu za mpira. Rafiki huyo Mungu alimpa miguu ya watu wawili. Gambuti zake ningeweza kuzipangisha. Nikavaa soksi juu ya soksi juu ya soksi, kisha nikajifunga nailoni ya mfuko wa mbolea juu yake. Nikajiambia, baridi ikinipata leo, imesoma zaidi yangu.

Sasa, fuko hawindwi kwa kukimbizwa. Unachimba kidogo, unafungua njia yake ya chini kwa chini, halafu unasimama na jembe juu ya lile shimo. Fuko hapendi mlango wazi. Upepo ukimwingilia atakuja kuuziba kwa udongo, na udongo ukitikisika, unapiga. Shida ni kwamba hana macho ya maana, lakini ardhi yote ni sikio lake. Ukikohoa anajua. Ukigonga mguu anajua hata saizi ya kiatu.

Tulipofika shambani, nilipiga hatua moja tu, mzee akasimama.

"Ni nini hiyo inalia kama mbuzi anakula gazeti?"

"Ni nailoni, mzee. Ya miguu."

"Toa."

Nikatoa. Akanionyesha shimo langu, kisha akaweka kando yangu furushi lililofungwa kwa leso, linatoa mvuke. "Mathe, mke wangu, ametufungia viazi vya maganda. Usivile. Kwetu anayewinda hali mpaka windo lipatikane, halafu wote tunakula hapo hapo shambani. Na usigonge miguu. Ukigonga mara moja, huyo amefika Njoro, na wewe utarudi Kaptembwo na bahasha yako."

Akaenda kulinda shimo lingine kule chini, akaniacha.

Baridi ilianza na vidole vidogo. Zile soksi nyingi zilikuwa zimebana mpaka damu ikaona hakuna haja ya kushuka. Nikahesabu vidole kwa akili tu, kila kimoja nikakiita, havikuitika. Mwili wote ulikuwa unaniambia: ruka, ruka, piga mguu chini! Nami nikamwona msichana wangu akiolewa na fundi wa redio kwa sababu ya mguu mmoja uliogongwa. Nikauma mdomo. Machozi yalitoka, yakaganda njiani.

Na pale kando, furushi likapumua mvuke.

Kwenye masomo ya jioni mwalimu wetu alikuwa na neno moja: soma swali mara mbili. Nikalisoma swali mara mbili. Nilikatazwa kula. Kuvaa sikukatazwa.

Nikachomoa mguu polepole, kama mtu anayemtoroka mtoto aliyelala. Nikavua soksi zote. Nikafungua leso, nikadondosha viazi ndani ya gambuti, vingine kwenye kisigino, vingine kwenye vidole, nikarudisha mguu. Kisha ule wa pili, nikaifunga leso tena. Wee! Lile joto lilipanda magotini, likapita tumboni, likatokea masikioni. Nilisimama kimya kama kigingi. Ndege alikuja akatua juu ya mpini wa jembe, akanitazama, akaona mimi ni sehemu ya shamba. Ningeweza kusimama pale mpaka uchaguzi mwingine.

Udongo ukatikisika. Ukatulia. Ukatikisika tena. Nikapiga jembe kwa nguvu zangu zote na za babu yangu, nikarukia mbele kwa miguu miwili. Fuko akatoka juu, akalala chali. Sitaki kuongeza chumvi: alikuwa kama mtoto wa nguruwe.

Mzee alikuja mbio. "Ni mdogo," akasema, "lakini ndiye." Akaning'iniza fuko kwenye ua, akapangusa mikono kwenye koti, akaketi. "Kazi nzuri, kijana. Sasa tule."

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na chumvi peke yake, imefungwa kwenye kikaratasi.

"Viazi viko wapi?"

Nikisema nimekula, nimevunja mila yao. Nikisema vimeibwa, nani mwizi, fuko? Na yeye alikuwa ameshaanza kunitazama chini.

"Mbona miguu yako inatoa moshi?"

Nikaketi, nikavuta gambuti. Ule mruko wa mwisho ulikuwa umemaliza kila kitu. Mguu ulitoka mweupe hadi kwenye kifundo, viazi vimepondeka vizuri, vingine kati ya vidole. Mzee akainama kuutazama. Nilisikia moyo wangu ukipiga, nadhani hata mafuko wengine waliusikia.

"Fuko huyu," akasema, "amekula viazi vyangu msimu mzima. Lakini hata siku moja hakuvikanyaga."

Kisha tumbo lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akashika ua asianguke na yeye, akageukia nyumba, akaita kwa sauti iliyofika Elburgon:

"Mama! Chemsha vingine! Mkwe ameponda mukimo na miguu!"

Mkwe. Nilisikia neno hilo moja tu. Mengine yalipita na upepo.

Kutoka jikoni sauti ya mathe ikajibu, haina haraka: "Ameweka chumvi?"

"Bado," mzee akaita. "Chumvi iko na mimi!"

Akanirushia leso nijipanguse, na huku bado anacheka, akaniuliza kama wazee wetu wangeweza kupanda Molo kabla ya mavuno. Nikamwambia wangeweza. Akasema waje na soksi.