Gari Iliyoota Upele

Wewe, ulishawahi kuona gari imeota upele? Usicheke. Mimi niliona, hapa hapa Nyalenda, Kisumu, kwa uwanja wangu, na harusi ya msichana wangu ilikuwa Jumamosi.

Wacha nianze vizuri. Mzee wangu, baba watoto, alikuwa na gari moja ya mgongo mrefu, ile yenye viti na mahali pa mizigo huko nyuma ndani. Alibeba nayo mchele kutoka Ahero, akabeba samaki, wagonjwa, mbuzi, mpaka kwaya ya kanisa. Zamani ilikuwa bluu. Lakini hiyo miaka ya themanini ikienda kuisha, bluu ilikuwa imechoka, na boneti imekauka kama mgongo wa mamba. Sasa huyu mzee alikuwa amemwahidi msichana wetu tangu akiwa anatambaa: "Siku yako ya kutoka hapa, utatoka na gari ya baba yako. Si ya mtu mwingine." Mtoto akakua na hayo maneno. Ukimtuma maji anakwenda akiimba, "Mimi nitatoka na gari ya baba!"

Watu wa bwana harusi wakaja kuongea mipango. Mjomba wao mmoja, mtu wa tumbo na tai, akaangalia ile gari, akaangalia tena, akasema kwa heshima kabisa, "Wazazi wetu, msijisumbue. Gari tutaleta sisi."

Mzee naye akajibu kwa heshima, "Nyinyi leteni bwana harusi. Msichana wangu ataenda na yangu."

Walipoondoka tu akaniambia, "Mama, naipaka rangi."

Mafundi wa mjini walikuwa na kazi nyingi, gari ingekaa kwao mpaka harusi ipite. Kwa hivyo mzee akaifungua mwenyewe. Akatoa boneti, akatoa milango, akatoa madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, akazipanga juu ya madebe kwa uwanja. Gari ikabaki imekaa uchi, kuku wanaingia na kutoka. Akaazima mashine ya upepo kwa jirani yetu wa kuziba pancha. Na ile bluu, nakuambia ukweli, ilishika vizuri! Mimi nilipiga vigelegele peke yangu.

Shida ni ile ya juu. Kuna rangi nyingine haina rangi, inapakwa juu ya rangi ili ing'ae. Mafundi wanaiita klia. Mzee akaipiga jua likiwa linashuka, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mtu wa Kisumu ukimwambia hivyo tu anajua. Wale wadudu wadogo wa ziwa! Wakainuka huko majini kama moshi wa jikoni, wakaja wote, wakaona kitu inang'aa, wakakaa. Mzee anapunga kofia, anatukana, na ile bunduki ya rangi bado iko kwa mkono ingine inamwaga. Kukicha tukaenda kuangalia. Mahali pengine klia imechuruzika kama uji kwa kidevu cha mtoto. Mahali pengine imekauka na vidonge vidonge, kama ganda la chungwa. Na wadudu wamelala humo ndani, wametanua mabawa.

Mzee akakaa juu ya debe. "Waambie walete gari yao."

Msichana wangu alisikia. Akachukua ndoo akaenda maji, na siku hiyo hakuimba.

Nikatupa leso begani nikaenda mjini. Kulikuwa na kijana mmoja wa kutoka pande za Mlima Kenya, kazi yake ni kupaka rangi magari. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika gari ya watu.

"Mama, hiyo gari iko na nyama! Muiweke chumvi?"

"Wewe cheka. Halafu uniambie dawa."

Akaniambia. Usikwangue mpaka chini, utaanza upya. Wacha ikauke sana, klia laini usiiguse. Halafu chukua msasa mwembamba, ule mweusi wa kutumia na maji, uzungushie kitu laini kidogo kama mpira, usugue na maji ya sabuni. Pole pole, kwenda mbele na kurudi. "Angalia maji, mama. Maji yakiwa meupe kama maziwa, unakula klia, endelea. Yakiwa bluu, simama! Umefika kwa rangi. Na kwa ukingo usikaze mkono, hapo klia ni kidogo." Mwisho unapaka dawa fulani kama dawa ya meno, unasugua na kitambaa mpaka ing'ae.

Nikarudi na misasa na ile dawa kwa kikapu, juu ya nyanya. Shida ikabaki moja: hiyo kazi ni ya mikono mingi, na mzee ana miwili tu.

Lakini mikono nilikuwa nayo! Alhamisi wamama wa kwetu walikuwa wanakuja kunikandikia nyumba. Unajua harusi ikikaribia, wanawake wanakuja wanasiriba ukuta na udongo, wanaulainisha na kiganja mpaka unateleza. Walikuja na nyimbo zao, na udongo kwa makarai. Mbele yao akiwa dada mkubwa wa mzee, mwanamke wa sauti. Mimi jina langu kwake lilikuwa tu nyar Usenge, yaani msichana wa Usenge, kwa sababu nilizaliwa huko kwa omena, dagaa wa ziwa.

"Nyar Usenge, ukuta uko wapi tuanze?"

"Ukuta ni ile," nikaonyesha boneti.

"Umelewa?"

"Sijalewa. Nyumba haitaenda kanisani. Gari inaenda."

Wakaangushana kwa kicheko. Lakini walikaa chini. Tukahitaji ule mpira wa kuzungushia msasa, na mimi nikaona patipati za mzee, ndara zake za mpira, ziko mlangoni. Nikachukua kisu. Kila mama akapata kipande. Mzee alipotoka ndani akitafuta patipati, akaona kisigino chake kwa mkono wa dada yake, akarudi ndani pekupeku.

Tukasugua. Ilikuwa raha, wacha nikuambie! Maji yanashuka meupe, nyimbo zinapanda. Mtu akimaliza kipande anafunga macho, anapitisha kiganja vile tunafanya kwa ukuta, na akisikia kidonge anarudi. Ukifuta maji, mahali panang'aa bado ni shimo, msasa haujafika. Mahali pamefifia, sawa. Mzee akaja kuangalia kwa mbali. Akasogea. Akasogea tena. Mwisho akapiga magoti kwa digadi ya kushoto na kipande cha patipati yake mwenyewe.

Sasa dada yake alikuwa amepewa boneti, kwa sababu ya ukubwa wake. Tulipofuta maji, mzee akapiga kelele. Huyu mama alikuwa ametupa mpira, akasugua na vidole vitupu, na mkono ukaenda kwa ile njia unajua! Boneti yote ilikuwa na nusu duara, nusu duara, kama vile tunachora maua kwa ukuta wa nyumba mpya.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimeipamba! Mnataka iende kanisani bila maua?"

"Hii ni gari, si jikoni!"

"Kama ni gari, mbona mliita watu wa kukandika?"

Mimi nikachukua msasa mwembamba zaidi nikarudi juu ya yale maua, mbele na nyuma, mbele na nyuma, dada mtu amesimama nyuma yangu anasikitika maua yake. Yakaisha moja moja. Halafu kwa mlango wa mbele, karibu na kishikio, nikapata mdudu mmoja amezama. Nikasugua, akabaki. Nikasugua tena, na maji yakateremka na uzi mdogo wa bluu.

"Simama!" mzee akasema, na akashika mkono wangu.

Nikasimama. Tukafuta: rangi ilikuwa bado, imekwaruzwa kidogo tu. "Mwache huyo," mzee akasema. "Naye aende harusi."

Ijumaa tukapaka ile dawa, tukasugua na sweta ya zamani, na mzee akarudisha milango, madigadi na boneti mahali pake. Mama mmoja aliinama kwa boneti, akajiona, akafunga kitambaa chake cha kichwa upya. Msichana wangu akapita na ndoo. Akaweka ndoo chini. Akashika mlango wa gari ya baba yake, akapitisha mkono kuanzia juu mpaka chini, na akaenda maji akiimba.

Jumamosi yule mjomba wa tai akafika na gari yake, eti kwa tahadhari. Akazunguka yetu, akaigusa na kidole kimoja. "Nani alifanya hii kazi?"

Mzee akasema, "Ni wamama wa kukandika nyumba."

Mjomba akageuka kuangalia nyumba. Na nyumba ilikuwa na nyufa, udongo umebanduka, fito ziko nje kama mbavu za ng'ombe mgonjwa! Akaangalia gari, akaangalia nyumba.

Basi bibi harusi akaingia nyuma na wasimamizi wake. Mzee akashika usukani, amevaa viatu vipya. Na mbele, kwa kiti cha heshima, nani alikuwa amekaa kitambo, mkoba kwa mapaja? Dada mtu! "Boneti ni yangu," akasema. Mimi mama mzazi nikaenda na pikapu ya kubeba vyombo, nyuma yao, katikati ya masufuria. Nilikula vumbi mpaka kanisani, lakini kila wakati vumbi likifunguka naona ile bluu inawaka mbele yangu, na nacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Ile gari ilikufa katikati ya miaka ya tisini. Mlango mmoja nilikataa usiende na vyuma vingine, nikaufanya mlango wa nyumba ya kuku. Siku moja binti wa yule msichana wangu, alikuwa ameanza shule tu, alikuja kunitembelea mimi dani yake, yaani bibi. Akaweka kidole karibu na kishikio. "Dani, kuna mdudu hapa ndani." Nikamweleza yote, kama vile nimekueleza. Alicheka patipati, akacheka maua. Halafu akauliza, "Na wewe Dani ulikaa wapi?"

"Kwa pikapu, na masufuria."

Hapo hakucheka. Akanitazama, kidole bado kiko kwa mdudu.

"Siku yangu, Dani, wewe ndio utakaa mbele. Mimi nitakaa na masufuria."