Barua Aliyowekewa Elikana

Baba yangu mdogo, Mwinshehe, anatangaza misiba. Kwa miaka ishirini na sita amezunguka Ujiji, Buzebazeba na Bangwe kwa baiskeli, spika imefungwa kwenye usukani na betri iko kwenye kapu la nyuma, akiwaambia watu nani amefariki, ni mtoto wa nani, msiba uko wapi na mazishi ni saa ngapi. Husema hayo manne tu. Waislamu, Wakristo, Warundi waliohamia zamani, wote huwatangaza kwa maneno yale yale. Ukimwomba aongeze kwamba marehemu alikuwa mcheshi au alikuwa na mashua tatu, anakwambia hayo mtayasema wenyewe matangani.

Ana sharti moja, na kwa sharti hilo ameshagombana na watu wazito. Hafungui spika mpaka ahakikishe wafiwa wameambiwa kwanza, kwa mdomo, wakiwa wamekaa, na mtu mzima wa ukoo akiwepo. Mara nyingi kazi hiyo humwangukia yeye. Anabisha hodi, anaomba maji hata kama hana kiu, anaketi, anataja jina kamili la mtu, kisha anasema "amefariki" mara moja. Hasemi "amepata matatizo" wala "hali si nzuri". Anaona kumzungusha mfiwa ni ukatili, hata ukifanywa kwa huruma.

Kiingereza hajui, shule aliacha darasa la nne. Lakini vyeti vya hospitali na barua za maofisini vimepita mikononi mwake vingi mno, kwa hiyo maneno ya kifo ya Kizungu anayatambua kwa sura. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, na mengi nilimfafanulia mimi. Hata "demise" nilimweleza mwenyewe: ni kifo, basi. Wanasheria hulipenda, maofisi hulipenda zaidi, na magazeti hulitumia hata utawala ukianguka au kampuni ikifilisika. Alinisikiliza, akauliza kama mtu akifa kwa neno hilo anazikwa tofauti na wengine. Siku hiyo tulicheka.

Ijumaa moja mwaka huu alikuwa Bangwe akitangaza msiba wa mtu mwingine. Diana, mama mmoja wa hapo, akamwita ndani anywe maji. Mume wake, Elikana, alikuwa fundi mitambo kwenye meli ya mizigo inayokwenda mpaka kusini mwa ziwa, ng'ambo, upande wa Zambia. Diana akamwambia kwamba ofisi ya meli ilimpigia simu Alhamisi ya wiki iliyopita akachukue barua. Alikwenda, akaweka sahihi, akauliza barua inasema nini. Akajibiwa kwamba yote yameelezwa humo. Akashukuru, akaondoka.

Sasa wake za mabaharia wana utaratibu wao, na hakuna aliyewafundisha. Karatasi yenye jina la mume ni ya mume, inatunzwa mpaka atie nanga. Jina la Elikana lilikuwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, na chini kulikuwa na muhuri; katikati ni Kiingereza, ambacho Diana hakukijua. Elikana alikuwa akingojea ajira ya kudumu kwa miaka miwili. Diana hakuona haja ya kuwapelekea watu barua ya mwenzake waichokonoe. Aliipiga pasi ikanyooka, akaiweka sandukuni juu ya shati la mumewe la kanisani, aje aisome mwenyewe. Ilikaa humo siku nane. Simu ya Elikana haikupatikana, lakini akiwa ng'ambo huwa haipatikani.

"Mzee, wewe makaratasi unayajua," alimwambia Mwinshehe. "Niangalizie tu kama wameandika tarehe ya kurudi."

Mimi nilikuwa kwenye chumba cha walimu simu ilipoita. Baba mdogo hakunisalimu. Alinitajia herufi moja moja, d, e, m, mpaka mwisho, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma namba ya simu. Akaniuliza kama neno hilo ni lile.

"Ni lile, baba mdogo," nikasema.

Akakata simu. Alimtuma mtu amwite Esther, dada yake Elikana, aliye nyumba ya tatu kutoka hapo. Alipofika, akawaketisha wote wawili, akaomba maji mara ya pili. Kisha akasema Elikana, mtoto wa Yona wa Ilagala, amefariki. Esther ndiye aliyelia. Diana aliinuka, akaenda sandukuni, akalitoa lile shati, akalikunja upya.

Nilipofika niliisoma barua yote, na hasira iliyonipanda sijawahi kuiona. Elikana aliungua kwenye chumba cha mashine Jumatatu ya wiki iliyopita, akafa siku hiyo hiyo. Barua ilisikitika kwa lugha laini, ikataja "demise" yake mara tatu, kisha katika aya ya mwisho ikasema ndugu wasipofika kumchukua kabla ya siku ya kumi tangu kifo, kampuni itamzika huko huko. Nilihesabu kwa vidole. Siku ya kumi ilikuwa jana. Tulitoka mbio kwenda ofisini, baba mdogo akiwa mbele kwa baiskeli yake na mimi nyuma kwa bodaboda, tukiomba Mungu watu wa ng'ambo wawe wavivu.

Hawakuwa wavivu. Kijana wa ofisini, Gasper, alituamkia kwa adabu zote, akapiga simu, akatuambia mazishi yalifanyika jana saa nne asubuhi na picha zipo. Tukamuuliza kwa nini mabaharia wenzake Elikana hawakumpigia mke. Kumbe walikatazwa. Taarifa rasmi ni ya ofisi. Yeye ndiye aliyeiandika barua, na yeye ndiye aliyemkabidhi Diana kwa mikono miwili, akamwona anaikunja, akamwona anatabasamu, akamwacha aende zake. Nasema wazi, nilitaka kumzaba kibao.

Baba mdogo hakupandisha sauti. Alimuuliza kwa nini hakumwambia mama wa watu kwa Kiswahili kwamba mumewe amefariki.

Gasper akasema ni neno zito, mzee, huwezi kumtamkia mtu hivyo kaunta. Ndiyo maana alitumia neno la heshima.

"Heshima ya nani?" baba mdogo akamuuliza. "Maana yeye hakuipata."

Kijana akanigeukia mimi, wala si kwa ujeuri. Macho yake yalikuwa yameanza kulengwalengwa na machozi.

"Madam, si ndivyo ulivyotufundisha? Kidato cha tatu. Niliandika 'death', ukanikata."

Nilimkumbuka. Alikaa karibu na dirisha. Nilimkata alama mbili, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu kwamba barua rasmi inataka "demise". Somo hilo nimelifundisha miaka kumi na moja, na sijawahi hata siku moja kuwauliza wanafunzi wangu barua inakwenda kusomwa na nani. Ile hasira niliyokuwa nimembebea yeye ilibidi nirudi nayo nyumbani, na mpaka leo ninayo.

Alasiri baba mdogo aliwasha spika. Nilimshikia baiskeli. Alitaja jina, akamtaja Yona wa Ilagala, akasema msiba uko Bangwe nyumbani kwa marehemu. Alipofika kwenye saa ya mazishi aliiacha spika ivume tu, watu wakatoka milangoni kusikiliza.

"Amezikwa jana, ng'ambo," akasema. "Mkewe hakuambiwa."

Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuongeza neno la kwake. Aliirudia sentensi hiyo Bangwe yote, Buzebazeba yote mpaka Ujiji, na mbele ya geti la shule yangu alisimama akaisema mara mbili.