Viwavi wa Nyuma ya Kisima

Mume wangu Molefhe hajawahi kumpiga mtu, hajawahi kumwibia mtu, wala hagusi pombe siku za kazi. Nayasema haya mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa niliishije na mtu kama yule. Niliishi naye vizuri tu. Aliyetuvuruga ni mdudu.

Kazi yake ni kuendesha pampu ya kisima cha kijiji chetu cha Moralane. Akishaiwasha asubuhi hana la kufanya mpaka tangi lijae, na mtu asiye na la kufanya shetani humtafutia. Waume wa wenzangu walitafutiwa wanawake. Wangu alitafutiwa buibui.

Ilianza na kamera kuukuu aliyoachiwa na mwalimu mmoja aliyehamishwa. Lenzi yake akaigeuza nyuma mbele, akaifunga kwa pete ya bati aliyoichonga mwenyewe, akaniambia ikikaa hivyo inamkuza mdudu. Mwanga wa kamera ulikuwa mkali mno, kwa hiyo akaukinga kwa boksi la pombe ya mtama, amelikata na kulibandika karatasi nyeupe ndani. Basi ungemkuta mtu mzima, baba wa watoto, amelala kifudifudi mbele ya kinyesi cha ng'ombe, ameshika pumzi, anamvizia nzi. Majirani walikuwa wakipita na ndoo zao wananiuliza mimi, mama wa Tumo, "Mma-Tumo, mumeo kaanguka kule kisimani au anasali?" Mimi nawajibu anasali. Ningesema nini?

Na nisimnyime haki yake, picha zilikuwa nzuri. Kwenye mlango wa choo chetu aliishi buibui mdogo, wa wale wanaoruka, ambaye mimi nilikuwa nikimfagia kila wiki bila kumtazama. Molefhe alimpiga picha, akaniletea nione. Macho yamepangwa usoni, makubwa mbele na madogo pembeni, na manyoya meupe chini yake, ananitazama kama shangazi anayetaka kujua nitazaa lini tena. Tangu siku ile sikumfagia. Kwa hiyo na mimi, ukipenda, nilikuwa ndani ya ujinga ule.

Kisha akaingia mtandaoni. Kumbe kuna watu duniani kote ambao kazi yao baada ya kazi ni kulala chini na kuwapiga picha wadudu, nao hupeana sifa mchana kutwa. Wakamsifu. Wakamfundisha pia sheria yao: picha ya mdudu isiyoandikwa jina, mahali na tarehe ni takataka, haimfai msomi wala mjinga. Molefhe aliishika sheria hiyo kuliko mkristo anavyozishika amri kumi. Chini ya kila picha, jina, mahali, tarehe. Ungedhani anaandikisha watoto wake kliniki.

Haikuwa na madhara alipokuwa akiandika habari za nzi. Nani atafunga safari kufuata nzi wa Moralane?

Lakini mwaka ule akahamia kwa phane.

Phane kwetu si mdudu wa kuchezea. Ni kiwavi, ndiyo, mnene kama kidole gumba, mweusi mwenye madoadoa, anakula majani ya mti wa mopane. Lakini kwetu yeye ndiye sare za shule za Januari, ndiye sabuni, ndiye mboga ya mwezi ambao kabati halina kitu. Mjane asiye na ng'ombe wala mtoto mjini, phane ndiye mwanawe. Ndiyo maana hakuna anayemgusa kabla chifu hajafungua uvunaji. Tunasubiri wanone, tunavuna, kisha chifu anafunga, na waliobaki wanashuka mitini, wanaingia ardhini, wanarudi kuwa vipepeo na kutaga upya. Sheria hiyo hata mlevi wa kijiji anaifuata.

Molefhe alianza nao wakiwa mayai. Kila siku picha moja. Wameanguliwa. Wamejivua ngozi. Wamejivua tena. Watu wake wa mtandaoni wakawa hawalali, wanauliza leo wamefikia wapi. Naye anajibu, kifua kimemjaa, na chini ya picha ya mwisho akaandika: "Moralane, nyuma ya kisima. Wamejivua ngozi mara ya mwisho. Wamenona sana." Na tarehe.

Chifu alikuwa ametangaza uvunaji ungefunguliwa Jumatatu. Malori yalifika Ijumaa.

Tulipata habari jua limeshapanda, tukakimbia na kanga zikituvuka. Msitu wa mopane msimu wa phane una sauti yake. Mavi yao hudondoka juu ya majani makavu siku nzima, ukifumba macho unadhani ni manyunyu. Siku ile kulikuwa kimya. Walikuwa wamevuna tangu alfajiri, watu wengi, hatuwajui hata mmoja, na pale mkono usipofika walikata tawi zima kwa shoka. Hawakuacha wadogo. Hawakuacha hata wale waliokwisha kushuka chini kutafuta pa kuchimba. Mma-Seabe, mjane jirani yetu, alisimama katikati ya miti na ndoo yake tupu akawa anageuka tu, huku na huku, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

Nilimfuata kijana mmoja aliyekuwa akifunga turubai la lori.

"Nyie nani kawaambia phane wetu wako tayari?"

"Mama, siku hizi haambiwi mtu," akasema, anacheka. "Unajiangalizia mwenyewe."

Akatoa simu, akanionyesha. Kiwavi wa phane kajaa kioo kizima, miiba yake inang'aa, unaweza kuihesabu. Chini yake maneno niliyoyajua, kwa mtindo ninaoujua. Moralane, nyuma ya kisima. Wamenona sana.

"Huyu jamaa ni fundi bwana," kijana akasema. "Anakupa mpaka siku."

Nilitaka ardhi inimeze. Kisha nikataka immeze Molefhe kwanza.

Nilimkuta kisimani, amelala kifudifudi. Pampu inanguruma, yeye hana habari, anapiga picha siafu. Niliivuta ile kamera kutoka mkononi mwake hata mkanda ukamkwaruza sikio.

"We Rra-Tumo, una akili kweli wewe? Una akili?"

"Kuna nini?"

"Phane wameisha! Malori yamebeba wote! Wameonyeshwa njia na wewe!"

"Mimi? Mimi sijaongea na mtu yeyote."

"Umeongea na dunia nzima, mpumbavu wewe! Nyuma ya kisima, umeandika! Wamenona, umeandika! Si ungewachorea na ramani kabisa, uwapikie na chai?"

Alikaa chini. Niliona linavyomwingia polepole, uso ukawa wa kijivu. Akasema, "Lakini ndivyo inavyoandikwa." Nusura nimpige na kamera yake.

Kesi ikaenda kgotla, baraza la chifu. Wanaume wakakaa kwenye viti vyao, wanawake chini kwenye mikeka, na Molefhe katikati, kofia mkononi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Wangu alicheza kwao akatozwa.

Mma-Seabe alisimama wa kwanza, akamgeukia chifu. "Kgosi, huyu katuuza. Mtu hawezi kuwaonyesha wezi mlango bure. Aseme kalipwa nini."

"Sikuuza, Mma," Molefhe akasema. "Sijapokea hata senti, hata thebe moja."

"Sasa ulikuwa unapata nini?"

Mjinga yule hajui kudanganya. "Walikuwa wananisifu."

Watu waliguna. Mzee mmoja alitema mate. "Sifa," akasema Mma-Seabe. "Haya, nifundishe mwanangu. Sifa inachemshwa na chumvi au inachomwa kwenye majivu? Maana wajukuu zangu watauliza."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka pamoja na wengine, kisha nikaona jinsi alivyokuwa ameikunja kofia yake, na kicheko kikanigeukia kuwa hasira nyingine kabisa. Malori yale yalipita barabara kuu mchana kweupe, yamejaa mpaka turubai limetuna, na hakuna mwanaume hata mmoja wa wale waliokaa vitini aliyesimama mbele yake. Wenye malori wana mashoka. Molefhe ana kamera. Basi Molefhe ndiye aliyeshikika.

Chifu Rakola aliamua. Uani kwetu kuna miti miwili ya mopane, na kwa kuwa iko ndani ya ua, malori hayakuifikia. Phane wote wa kijiji waliobaki walikuwa pale. Wajane waje wavune, na Molefhe awakamue phane hao kwa mikono yake mwenyewe.

"Kgosi," Molefhe akasema, na hapo ndipo alipoinua uso kwa mara ya kwanza. "Naomba mti mmoja tu. Msituni hawapo tena. Tukivuna hawa wote, hakuna wa kuingia ardhini. Mwakani tutavuna nini?"

"Mwakani!" Mma-Seabe akapiga makofi. "Sikilizeni jamani, leo anaijua mwakani! Tumbo langu linaijua mwakani?"

Nilijua Molefhe anasema kweli. Mma-Seabe alijua. Chifu naye alijua, kwa sababu hakumtazama Molefhe usoni alipojibu. "Ulipoandika hukutuuliza," akasema. "Na sisi leo hatukuulizi."

Walikuja kesho yake na ndoo. Hakuna aliyesalimia. Waliwachuma kutoka matawi ya chini, wakapanda kwenye vigoda, wakachuma wa juu, na kila ndoo iliyojaa ilimwagwa mbele ya Molefhe aliyeketi chini. Kumkamua phane ni kazi ya kawaida kwetu, mtoto wa miaka sita anaiweza: unamshika kichwani, unambana kwa vidole kuelekea mkiani, uchafu wa kijani unatoka, unamtupa kwenye sufuria. Molefhe ameifanya tangu utotoni. Siku ile alikuwa akimtazama kila mmoja kabla ya kumbana. Aliwajua. Hawa wa uani pia alikuwa akilala chini ya matumbo yao tangu wakiwa wadogo kama punje ya mtama. Nilimchukia kwa kuwatazama vile, nikawachukia wale wanawake kwa kumwona, nikachochea moto wa sufuria kwa nguvu mpaka cheche zikaruka.

Wakati ndoo za mwisho zinashushwa, simu yake iliita. Mikono yake ilikuwa kijani mpaka viwiko, nikaichukua mimi, nikaifungulia sauti na kumwekea karibu.

"Rra! Habari za huko?" Sauti ya mwanaume, imechangamka. "Ndiye wewe wa zile picha za phane?"

"Ndiye mimi," Molefhe akasema.

"Aisee kaka, tunakufuatilia sana! Zile za nyuma ya kisima zilitusaidia mno. Sasa sikia. Ukiona kwingine wamenona, tupigie sisi kwanza kabla hujaweka mtandaoni, maana wengine nao wanaangalia. Na safari hii hatutakuacha hivihivi. Ile ya kwanza ulitupa bure kabisa bwana, mpaka tukawa tunakucheka."

Nilikata simu. Wanawake wote walikuwa wameacha kuchuma. Na mimi, mjinga kuliko mume wangu, nilifurahi. Moyo wangu uliruka kwa furaha.

"Mmesikia?" nikapiga kelele. "Mmesikia wenyewe? Bure! Hakuuza! Mma-Seabe, umesikia?"

Mma-Seabe alishuka kwenye kigoda, ndoo mkononi. Nilisubiri amwombe radhi. Alikuja mpaka mbele ya Molefhe akamtazama sana, na ukali wote wa siku zile ulikuwa umemtoka usoni.

"Heri ungeuza, Molefhe," akasema. "Ningejua njaa yangu imemshibisha mtu."

Akamimina ndoo yake miguuni pake. Molefhe alichukua kiwavi wa kwanza, akamkamua.