Mwezi Aliokataa Kuuona

Mume wangu alikuwa hajui hata mwezi mwandamo hutafutwa upande gani. Simsingizii. Ramadhani ya kwanza ya ndoa yetu alipanda sakafu ya juu ya nyumba ya mamake, hapa Kuze, pale tunapoanika nguo, akakodoa macho mashariki, kule Nyali, na jua linazama nyuma ya mgongo wake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamshika mabega nikamgeuza.

"Mwezi mchanga huonekana pale jua linapochwa, bwana. Ndiyo kwanza umetoka kupita karibu na jua, utakuwaje huko?"

Naye akacheka. Wakati ule tulikuwa tukichekeana.

Mimi sikufika mbali na masomo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa. Lakini jiografia niliipenda, na mwalimu wetu hakuwa mtu wa kuandika ubaoni na kwenda zake. Alitutoa uani akatufanya sayari. Msichana mrefu kuliko wote alikuwa Mshtarii. Wa Zohali akafungwa leso kiunoni iwe pete. Mimi nikawa Dunia, nikaambiwa nijizungushe huku nalizunguka jua, nikajizungusha kwa bidii mpaka nikaanguka juu ya Mirihi. Tangu siku ile sikuwahi kuuangalia mwezi kama watu wengine. Wao wanaona pambo. Mimi naona kitu kinachokwenda, tena kwa njia yake, na mtu yeyote mwenye macho anaweza kukifuata.

Sasa niseme jambo la nyumbani, ili yanayofuata yaeleweke. Idi kwetu ni siku ya kwanza. Siku ya kwanza baba akirudi kuswali hula na watu wake, tambi na mahamri, kisha humshika mtoto mkono akampitisha nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, vijisenti vya sikukuu, na alasiri humpeleka Makadara kwenye pembea. Siku ya pili ni viporo. Mwanamume anapokula siku ya kwanza, hapo ndipo kwake. Mtaa mzima unajua hivyo, hata paka wa mtaa.

Mwaka juzi, Ramadhani ikielekea ukingoni, mume wangu alinifuata jikoni.

"Hebu nieleze, bibi, hii habari ya mwezi. Mbona wengine wanaswali Idi leo na wengine kesho?"

Mtu aliyekuwa akipiga miayo nikimwonyesha nyota! Nilifurahi, wallahi. Nikaacha sufuria motoni, nikaleta taa ya mezani iwe jua, chungwa liwe dunia, ndimu iwe mwezi. Nikamwonyesha kwamba mwezi hauna mwanga wake, na ukiwa ndiyo kwanza umeachana na jua huwa mwembamba mno, tena huzama haraka. Sisi jua linatuchwea mapema. Walio magharibi yetu linawachwea baadaye, na kwa muda huo mwezi umeshajivuta mbali zaidi na jua. Kwa hivyo wao huenda wakauona, na sisi tusiuone.

"Basi yule hakosei na huyu hakosei?"

"Hakosei mtu. Mwezi ni mmoja, mahali pa kusimama ndipo pengi."

Akairudia ile kauli taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Mchele ukaungua, na mimi sikujali. Nililala na furaha kwamba mume wangu amependa ninachokipenda.

Siku chache baadaye zikaja habari kwamba mwezi umeonekana nchi za nje. Hapa watu walipanda juu wakashuka bila kitu.

"Mimi nimeingia kwa wanaofuata mwezi popote utakapoonekana," mume wangu akasema. "Nyinyi na mama fuateni wa hapa. Si ulisema hakosei mtu?"

Asubuhi akavaa kanzu akaenda kuswali Mbaraki, ambako hufanya kazi kwenye godauni. Akarudi jioni, na mama mkwe, aliyekuwa ametoka kumpa pole jamaa, akarudi baada yake. Kesho yake ilipokuwa Idi yetu akavaa tena, akala nasi, akampeleka binti yetu Makadara. Mwaka jana ikawa vilevile. Sikukosa kitu. Majirani walinitania ngazini: "Mumeo ana Idi mbili, shoga, na sisi hata hii moja haitutoshi!" Nami nikawajibu kwa kiburi kwamba hayo ni mambo ya elimu.

Elimu! Biriani yangu alikuwa akiidonoa kama mgonjwa. Kanzu ilinuka udi ambao si wangu, na mimi nachoma udi wa aina moja tu. "Ni wa msikitini," akasema. Nikaifua kanzu nikaianika.

Mwaka huu binti yetu alipewa kazi ya shule, atengeneze sayari na azieleze mbele ya darasa. Tulizipanga mezani, kitunguu chekundu kikiwa Mirihi, naye akazisoma mbele ya babake: "Utaridi haina mwezi. Zuhura haina mwezi. Dunia mwezi mmoja. Mirihi miezi miwili."

"Miwili?" babake akasema. "Mashallah. Watu wa huko wana raha."

"Hakuna watu huko, baba."

Tulicheka sote. Mama mkwe wangu hakucheka. Alikuwa akishona, akainama zaidi juu ya nguo yake. Siku ile nilidhani ni macho yake tu, yamechoka.

Ikafika jioni ya kutafuta mwezi. Tulipanda juu sote, mimi, binti yetu, mume wangu, na mama mkwe akishika ukuta kila kidato. Anga la magharibi lilikuwa safi. Zuhura ilijitokeza kwanza, kali, kama taa ya mtu anayekuja, na kando yake, hata shingo sikuwa nimeikunja, mwezi. Mwembamba lakini wazi, umekaa kama boti. Binti yangu ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. "Nauona! Mama, nauona! Baba!" Juu ya nyumba nyingine watoto wakapokea, takbiri zikaanza, na chini kwenye redio ya jirani ikasikika kwamba na huko nje wameuona jioni ileile. Mwaka huu mwezi ulikuwa mkubwa kiasi cha kutosha watu wote. Ulimwengu wote Idi moja.

Nilimgeukia mume wangu nimpe mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza kitu.

"Sijauona," akasema.

"Fuata kidole changu. Ile yenye kung'aa, kisha kushoto kidogo."

"Ile ni Zuhura."

"Ndiyo, ni Zuhura. Nimekufundisha mimi. Mwezi uko kando yake."

"Hicho ni kipande cha wingu. Kundi letu hawatakubali. Mimi nitafunga kesho. Nyinyi kuleni, mimi nitakula Idi nanyi kesho kutwa."

"Wewe uliyeukubali mwezi wa nchi usizozijua, waukataa ulio juu ya nyumba ya mamako?"

"Si lazima tufanane, bibi. Wewe mwenyewe ulisema."

Binti yetu alimvuta kanzu. "Lakini baba, ule pale!"

Akamtazama mtoto. Angeweza kunyamaza. Akamwambia, kwa upole kabisa: "Wewe bado mdogo, mama. Macho ya kitoto hudanganya."

Mtoto akashusha mkono wake.

Mimi nilikaa na swali moja usiku kucha. Kufunga siku ya Idi ni haramu. Hilo halihitaji kidato cha nne. Mama mkwe wangu anafundisha wasichana chuoni, Qurani na fikihi, na hajawahi kumwachia mtu kosa, hata mgeni. Mwanawe amesema mbele yake kwamba atafunga na mtaa mzima wanapiga takbiri, naye amesimama pale, ameshika ukuta, kimya.

Asubuhi nilikuwa jikoni kabla ya wote kuamka. Mume wangu alipita na shati la kazini, mfuko mkononi. Msumari wa kanzu mlangoni ulikuwa mtupu. Mama mkwe akaingia, akafunua sufuria yangu ya tambi, tambi zangu, nilizotia zabibu na iliki kwa mkono wangu, akajaza bakuli, akafunika kwa kitambaa, akampelekea mlangoni. Niliwaona wote wawili kwenye kioo cha kabati.

Alipofunga mlango nilimwuliza: "Mama, mtu aliyefunga hupewa tambi za moto?"

"Ni za mgonjwa, mwanangu. Huko Mbaraki."

"Mgonjwa gani?"

Akakaa kwenye kibao. Alianza kukunja ncha ya leso yake, akaikunjua.

"Kuna mtoto mchanga kule," akasema. "Ni Idi yake ya kwanza."

Nikaweka mwiko chini. "Tangu lini?"

"Kabla ya ile Idi ya mwaka juzi. Ni ndoa ya halali. Mimi mwenyewe nilikuwapo."

Nikahesabu kichwani, si siku, sahani. "Kwa hivyo Idi ya mwaka juzi, na ya mwaka jana, uliposema waenda kumpa pole jamaa... ulikula kule, kisha kesho yake ukaja kula kwangu?"

"Kule sikula sana," akasema.

Nusura nicheke. Mpaka leo nikiwa peke yangu naisikia ile sauti yake, kwa kusihi kabisa, kana kwamba kosa lilikuwa kushiba.

Nataka nieleweke. Angekuja mchana akaniambia ameoa, ningelia, ningenuna, pengine ningerusha sahani. Wanawake wengi wamekaa na wake wenza, sitaki kujifanya mimi ni wa dhahabu. Lakini yeye alinifuata jikoni kwangu akaniomba nimfundishe. Aliketi mbele ya chungwa na ndimu akaniuliza maswali mazuri. Kitu pekee nilichotoka nacho shuleni, kilichokuwa changu, ambacho hakikuwa cha mume wala cha mkwe, alikichukua akakitengenezea uwongo. Na miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa nikimtetea ngazini.

Siku ile nilimvika binti yangu gauni lake jipya la Biashara Street, nikampitisha mwenyewe nyumba kwa nyumba. "Babako yuko wapi leo?" wakamwuliza kila mlango, na mtoto akajibu, "Amefunga," na watu wakatazamana. Makadara nilimpandisha pembea. Hakupiga kelele kama watoto wengine. Aliposhuka akaniuliza:

"Mama, baba amefunga kwa sababu mimi nilikosea?"

"Ulikosea nini?"

"Niliona wingu nikasema mwezi."

Hapo ndipo hasira ilipobadilika. Mpaka wakati ule ilikuwa yangu. Nikamwambia, "Ngoja jioni."

Jioni tulipanda juu tena, mimi na yeye. Nilijua tutakachokiona. Ndiyo raha ya mambo haya, hayabadiliki kwa kuonewa haya. Zuhura ilikuwa palepale pa jana. Mwezi ulikuwa umepanda juu zaidi, mnene zaidi, umeiacha Zuhura chini.

Mume wangu alikuwa amerudi. Nilimsikia akipanda ngazi, na mamake nyuma yake akihema. Mama mkwe alinifikia kwanza, akaninong'oneza sikioni: "Mwambie mtoto kwamba babake hakuona vizuri, basi. Usimharibie mtoto babake."

Mume wangu alisimama penye kamba za nguo. "Nilitaka kukwambia," akasema. "Nilikuwa nangoja wakati mzuri. Na wewe mwenyewe ulisema mwezi ni mmoja, lakini mahali..."

"Mirihi ina miezi miwili," nikamkata. "Nenda kaishi huko."

Binti yetu hakutusikia, au alijifanya hakusikia. Alikuwa amenyoosha mkono wake mbinguni, akipima kwa vidole kutoka Zuhura mpaka mwezini, kama nilivyomfundisha. Akageuka.

"Baba, wingu haliwezi kurudi kesho yake likiwa kubwa zaidi. Jana ulikuwa mwezi, sivyo?"

Sote tukamtazama mume wangu. Mama mkwe alikuwa ameshika ukuta. Mimi nilikuwa nataka aseme, naapa, nilikuwa nampa nafasi, neno moja tu kwa mtoto wake. Yeye akageuza uso akatazama kule Nyali, mashariki, kwenye giza.

"Baba," mtoto akasema, "mwezi hauko huko."

"Anajua," nikasema. "Jana ulikuwa mwezi, mama. Uliuona sawasawa. Na babako aliuona."

Mama mkwe akasema, "Astaghfirullah," sijui kwa ajili ya nani. Nikamshika mwanangu mkono. Nilizianua nguo zetu, zangu na zake, za mume wangu nikaziacha kambani, tukashuka ngazi tukaenda kwa mamangu.