Meza ya Lowri

Glenys Viazi, Mungu amlaze pema, alipika katika jiko la shule miaka thelathini na mmoja. Bondeni kwetu Wales akina Jones wamejaa, na mtu asipopewa jina la kazi yake hajulikani ni yupi. Muuza mikate ni Jones Mkate. Mchimba makaburi, Jones Kaburi. Jina likikuganda, unazikwa nalo.

Lowri, miaka kumi na sita, mimba ya miezi saba, wakamwita Lowri Tumbo. Iestyn aliyempa mimba aliitwa Iestyn Raga, na kila Jumamosi baada ya mechi alibebwa mabegani. Mimba ya wawili, aibu ya mmoja.

Zamani wasichana kama yeye walikuwa wengi. Siku hizi wamepungua, na kwa kuwa wamepungua, kila mmoja amekuwa sinema.

"Mjazie Tumbo sahani mbili, mama, wanakula wawili!" kijana mmoja alipiga kelele kwenye foleni ya chakula.

"Na wewe nikupe nusu," Glenys akamjibu, "maana akili yako bado iko njiani."

Jumatatu ya mtihani wa hesabu Lowri aliingia jikoni analia. Mtihani ulikuwa kwenye ukumbi wa chakula, na madawati yake yameunganishwa na viti. Tumbo halikupita. Mwalimu mkuu alimwambia aende nyumbani, atafanya mwakani.

Mwakani! Mwaka sabini na moja Glenys naye alikuwa na miaka kumi na sita, na mimba, na aliambiwa neno hilo hilo. Mwakani yake haikufika.

Akatoka na aproni yake, akamkabili mwalimu mkuu.

"Bwana Havard, huyu mtoto kakosa nini?"

"Si mimi, Glenys. Ni madawati."

"Shule nzima haina meza?"

"Na wenzake watamtazama, watashindwa kuandika."

"Kwani mpaka leo walikuwa wamefumba macho? Baba mtoto yule pale, mstari wa mbele, anachonga penseli. Yeye mbona dawati limemtosha?"

Iestyn akainamisha kichwa.

"Glenys, haya si mambo ya jikoni."

"Tumbo lolote ni mambo ya jikoni."

Akarudi ndani, akamwaga viazi kwenye beseni, akaishika meza ya kumenyea na kuiburuta mpaka ukumbini. Miguu ya meza ililia sakafuni, vichwa vyote vikageuka. Akaifuta kwa aproni.

"Kaa, mwanangu. Andika."

Lowri akakaa. Zilibaki dakika mbili mtihani uanze.

"Nitawaandikia wakubwa," Bwana Havard alisema, uso mwekundu.

"Waandikie. Kalamu unayo."

Glenys alimenya viazi vya watu mia tatu mapajani, amekalia ndoo. Kila akichungulia aliona kichwa cha Lowri kimeinama, mkono unakwenda. Chakula kilichelewa saa nzima.

Barua ya wakubwa ilifika kabla ya likizo. Septemba jikoni aliingia mtu mwingine.

Matokeo yalitoka Agosti, mtoto ana wiki tatu. Lowri alifaulu. Iestyn alifeli, na bonde zima likamwonea huruma yeye. Ati maskini, mawazo ya mimba yalimvuruga.